Vipimo Vikuukuu vya Mafuta Katika Ndege Ndogo

Uko msemo uliozoeleka mno vinywani mwetu, kwamba ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa kando ya barabara penye gari lililopinduka, na husemwa vilevile katika viwanja vya ndege. Ukitumika kuwafariji waliofiwa, msemo huo una heshima yake na hatuna ugomvi nao. Lakini ukitolewa msibani ukapelekwa karakana, ukafanywa kuwa kanuni ya kazi, hugeuka kisingizio. Ziko ajali ambazo kinga yake inajulikana, gharama yake inajulikana, na fundi wa kuikamilisha yupo. Leo tunapenda kuzungumzia kinga moja ya aina hiyo, nayo ni kuviondoa vipimo vikuukuu vya mgandamizo wa mafuta katika vyumba vya marubani wa ndege ndogo, na kuweka vipya mahali pake.

Msomaji asiyerusha ndege huenda akauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu sana. Katika Afrika Mashariki ndege ndogo si anasa ya wenye fedha peke yao. Tangu mwaka 1957, Michael Wood na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha ile huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF, wako wananchi wa vijiji vya mbali ambao wanadaiwa uhai wao na injini moja na rubani mmoja. Ndege ndogo hutua Kilindoni kisiwani Mafia, hutua Pemba, hutua Manda mkabala na Lamu, hutua Seronera katikati ya Serengeti. Hupeleka chanjo mahali ambapo masika yamekata njia. Huwasaidia askari wa hifadhi kuwafuatilia majangili. Na ndizo zinazomfundisha kijana wetu kazi ya urubani kabla hajakabidhiwa ndege kubwa yenye abiria mia na zaidi.

Ni kweli kwamba mashirika mengi yanayosafirisha abiria wa kawaida yamehamia ndege za injini za tabini, kama ile Cessna Caravan inayofahamika katika viwanja vyetu. Injini hizo hazitumii petroli, na vipimo vyake ni vya namna nyingine. Maneno yetu ya leo yanazihusu zaidi ndege za injini za pistoni, zile zinazokunywa petroli ya ndege: za shule za urubani, za watu binafsi, za misheni, za doria katika hifadhi, na za kukodiwa kwa safari fupi.

Nyingi kati ya ndege hizo zina umri mkubwa. Cessna, kampuni ya Marekani ambayo ndege zake zimeenea kuliko za wengine, ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni mwaka 1986, na haikurejea kazi hiyo mpaka mwaka 1996, baada ya sheria ya mwaka 1994 kupunguza mzigo wa madai ya fidia dhidi ya watengenezaji. Kwa hiyo Cessna 206 iliyoundwa kabla ya kusimama huko sasa ina umri wa miaka 40 au karibu na hapo, na nyingine imeshapita 50. Umri peke yake si dosari. Ndege inayotunzwa vizuri yaweza kuruka salama kwa miaka mingi, kwa sababu sheria inataka ikaguliwe, ifunguliwe, na sehemu zake zibadilishwe kwa zamu. Injini hufumuliwa. Tairi hubadilishwa. Redio za zamani zimeng'olewa na mpya zikawekwa. Lakini katika ubao wa vipimo mbele ya rubani, mara nyingi kipimo cha mafuta ni kile kile kilichofungwa kiwandani siku ndege ilipozaliwa.

Yafaa tueleze kipimo hicho kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya chombo chepesi kisicho na kifani kwa urahisi wake. Ni mrija mwembamba wa madini, uliobanwa ukawa bapa na kupindwa kama mwezi mwandamo. Kitu chenye mgandamizo kikiingia ndani yake, mrija hutaka kujinyoosha. Ncha yake husogea, husukuma vijino, na vijino huzungusha mshale. Hakuna umeme, hakuna betri. Chombo hiki kiliingia katika magarimoshi, kikaingia katika meli na viwanda, kisha kikaingia katika ndege, na hadi leo kinatumika duniani kote kwa kazi nyingi. Sisi hatumlaumu Bourdon.

Tatizo ni kile kinachoingizwa ndani ya mrija huo. Ili kipimo cha namna hii kionyeshe mgandamizo wa petroli, ni lazima petroli yenyewe ifike kwenye kipimo. Ndiyo kusema kwamba kutoka kwenye injini hutoka bomba jembamba lenye petroli inayosukumwa, bomba hilo hupenya ule ukuta wa kuzuia moto unaotenganisha injini na watu, huingia katika chumba cha rubani, na kuishia nyuma ya ubao wa vipimo, mbele ya magoti ya rubani na abiria aliyeketi kando yake. Ukuta ule uliwekwa ili moto na mafuta vibaki upande wa injini. Sisi wenyewe tumeutoboa na kuyakaribisha mafuta ndani.

Si ndege zote zilizo hivyo. Zile Cessna 172 za zamani zenye kabureta zina matangi katika mabawa yaliyo juu ya rubani, na petroli huteremka kwa uzito wake bila pampu, basi hazihitaji kipimo hiki. Lakini Piper Cherokee, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ina mabawa chini. Petroli haiwezi kupanda yenyewe, hivyo pampu ni lazima, na penye pampu rubani hana budi ajue kama inasukuma. Kadhalika Cessna 206 na 210: ingawa mabawa yako juu, injini zake hupuliziwa petroli penye mlango wa hewa wa kila silinda, na kazi hiyo haiwezekani bila pampu.

Hatari ya kwanza, basi, ni kuvuja. Mrija wa kipimo hutikiswa na injini saa zote za safari, na madini yanayotikiswa kwa miaka 40 huchoka. Viungo hulegea. Mipira ya mabomba hukauka na kupasuka kwa joto la injini. Petroli ya ndege hutoa mvuke unaowaka hata penye baridi kali, na nyuma ya ubao wa vipimo ndipo yalipokusanyika waya za redio, za taa na swichi za kila aina. Cheche moja inatosha. Rubani aliye peke yake, futi elfu kadhaa juu ya mbuga, hana mahali pa kuukimbia moto unaoanzia miguuni pake. Hata moto usipowaka, mvuke wa petroli katika chumba kidogo kilichofungwa humlevya mtu na kumpunguzia akili wakati anapoihitaji zaidi.

Waliotunga kanuni hawakuwa wajinga wa jambo hili. Kanuni za Marekani za Sehemu ya 23, zilizosimamia ubora wa ndege ndogo kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, ziliagiza kwamba bomba la kipimo linalobeba kitu kiwezacho kuwaka kwa mgandamizo liwe na tundu dogo sana, au kizuizi kingine, pale linapoanzia, ili likikatika mafuta yatoke kidogo tu wala yasimwagike. Ni kinga njema. Lakini kinga hiyo inafaa kama bado ipo. Katika miaka 40 ndege hupita katika mikono ya mafundi wengi na nchi nyingi. Kiungo chenye tundu dogo na kiungo cha kawaida hufanana kwa nje. Fundi aliyeharakishwa akifunga kisichostahili, ndege itaruka vizuri, kipimo kitasoma vizuri, na hakuna atakayejua mpaka siku bomba litakapokatika.

Hatari ya pili haina moshi wala harufu, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Ni hatari ya kipimo kusema uongo. Katika injini nyingi za Lycoming zenye kabureta, mgandamizo wa petroli unatakiwa usipungue nusu ratili kwa inchi ya mraba wala usizidi ratili 8. Hizo ni namba ndogo mno. Mshale mkongwe ambao vijino vyake vimelika unaweza kupotoka kwa ratili moja au mbili na bado ukaonekana umetulia katika eneo la kijani. Katika mizani ya gunia la mahindi kosa kama hilo ni hasara ya shilingi chache. Katika kipimo hiki ni tofauti ya pampu nzima na pampu inayokufa.

Katika Cessna 206 na wenzake wa injini za Continental zinazopulizia petroli mambo ni magumu zaidi. Kipimo kilichoandikwa kwamba kinaonyesha galoni kwa saa hakipimi galoni hata kidogo. Hupima mgandamizo, na uso wake umechorwa namba za galoni kwa kukadiria kwamba mgandamizo fulani unalingana na mtiririko fulani. Makadirio hayo ni sawa maadamu njia zote ni safi. Lakini takataka ikiziba tundu la silinda moja, petroli inayopita hupungua huku mgandamizo ukipanda. Mshale basi humwambia rubani kwamba mafuta yamezidi, kumbe injini inayakosa. Rubani akiuamini, atayapunguza zaidi. Mkosi gani mkubwa kuliko kushauriwa na mshauri anayeona mambo kinyume?

Kwa sisi tunaoishi katika nchi za nyanda za juu, kipimo hiki si pambo. Kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na kile cha Arusha kinapita futi 4,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na kisukuma hewa haiwezi kuunguza petroli nyingi kama inavyofanya Tanga au Mombasa. Hivyo rubani hulazimika kupunguza petroli kwa mkono kabla ya kuruka, akitazama kipimo. Akibakiza nyingi mno, injini hukosa nguvu na mwisho wa njia ya kurukia unakuja upesi. Akipunguza mno, silinda hupata joto la kuziharibu. Katika kazi hiyo, jicho la rubani ni kipimo. Nani angekubali kupanda gari ambalo dereva wake amevaa miwani ya mtu mwingine?

Dawa ya maradhi haya imekwisha kupatikana, na si ya jana. Katika vipimo vya kisasa petroli haiingii kabisa katika chumba cha rubani. Kifaa kidogo cha kuhisi, ambacho mafundi hukiita sensa, hufungwa upande wa injini, mbele ya ukuta wa kuzuia moto. Nacho hubadili mgandamizo kuwa ishara ya umeme, na kinachopenya ukuta ni waya tu. Kwa upande wa mtiririko, petroli hupitishwa katika kigurudumu kidogo kinachozungushwa nayo, na mizunguko yake huhesabiwa. Hapo galoni zinazoonyeshwa ni galoni zilizopita kweli. Vyombo vingi vya namna hii huhifadhi pia kumbukumbu ya kila safari, hata fundi aweze kuona pampu inavyodhoofika wiki baada ya wiki kabla haijakata roho.

Wako wenye hoja za kupinga, na si haki kuzipuuza. Wengine husema kwamba kipimo cha zamani hakitegemei umeme. Betri ikifa angani, chenyewe kinaendelea. Ni kweli, na huo ni ubora wake. Lakini injini hizi hupata cheche kutoka katika magneto na mafuta kutoka katika pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Umeme ukikatika, injini haisimami. Kinachopotea ni taarifa, na rubani anajua kwamba imepotea, naye hutua mapema. Ni afadhali kipimo kilichozimika na kumwacha rubani na tahadhari yake kuliko kinachoendelea kumpa matumaini ya uongo.

Hoja nyingine ni ya gharama, nayo ni nzito kwa shule ndogo ya urubani au misheni inayoendeshwa kwa sadaka. Kipimo kimoja cha kisasa kilichoidhinishwa hugharimu mamia ya dola, na ubao mzima wa vipimo vya injini hugharimu maelfu kadhaa, mbali na ujira wa fundi. Hizo si fedha kidogo. Lakini mwenye ndege huyo huyo atalipa makumi ya maelfu ya dola injini itakapofumuliwa. Lycoming inapendekeza injini zake nyingi za silinda 4 zifumuliwe baada ya saa 2,000 au miaka 12. Siku hiyo injini iko chini, mabomba yako wazi, fundi yuko kazini, na ndege haina safari. Hiyo ndiyo siku ya kuliondoa lile bomba la petroli. Ukisubiri kulifanya peke yake, gharama huongezeka. Ukilifanya siku hiyo, ni nyongeza ndogo juu ya hesabu kubwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu ina sura ya utii wa sheria. Katika ndege yenye pampu, kipimo cha mgandamizo wa mafuta ni kifaa cha lazima. Hakiwezi kuondolewa na kubadilishwa kwa chochote kile. Kinachokuja mahali pake lazima kiwe kimeidhinishwa kuwa kipimo cha msingi kwa aina hiyo ya ndege. Mwaka 2015 wakala wa Ulaya wa usalama wa anga, EASA, na mwaka 2016 mamlaka ya Marekani, FAA, walilegeza taratibu za kufunga baadhi ya vifaa vya kuongeza usalama katika ndege ndogo. Sera ile ya Marekani, hata hivyo, ilihusu vifaa visivyo vya lazima. Matokeo yake ni kwamba mwenye ndege huweza kununua kioo kizuri cha kisasa kilichoidhinishwa kuwa cha ziada tu, akakifunga, na sheria ikamtaka aendelee kubaki na kipimo cha zamani pamoja na bomba lake. Kioo kinang'aa, wageni wanasifu, na petroli bado imelala nyuma ya ubao. Mwenye kununua na aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: je, chombo hiki kimekubaliwa kuchukua nafasi ya kile cha zamani, au kukaa kando yake? Asiyeuliza atalipa, na hatari ataibakiza.

Hata hivyo, tusije tukaanguka upande wa pili na kuamini kwamba kila kipya ni salama. Historia ya urubani ina funzo ambalo halipasi kusahauliwa. Usiku wa tarehe 8 Januari 1989, ndege ya Boeing 737-400 ilianguka karibu na Kegworth nchini Uingereza, na katika watu 126 waliokuwamo 47 walipoteza maisha. Injini ya kushoto ndiyo iliyoharibika. Marubani wakaizima ya kulia, iliyokuwa nzima. Katika ndege hiyo mpya vipimo vya mishale mikubwa vilikuwa vimebadilishwa kwa vipimo vya umeme, na kile cha mtikisiko wa injini kilikuwa kidogo na hakikuvuta macho. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba marubani hawakuwa wamepata mazoezi ya kutosha juu ya badiliko hilo. Chombo hakikusema uongo. Kilisema kweli kwa sauti ndogo, kwa watu ambao hawakufundishwa kukisikiliza.

Funzo jingine ni la vipimo visivyolingana. Mwezi Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, kwa kuwa vipimo vyake vya kiasi cha mafuta vilikuwa havifanyi kazi, na waliohesabu kwa mkono walichanganya ratili na kilo. Kwa bahati na ustadi wa marubani, iliteleza kama kishada mpaka Gimli, na watu wote 69 wakapona. Sisi tunaokaa mahali ambapo pampu ya kiwanjani huuza kwa lita, kipimo husoma galoni za Marekani, vitabu vya zamani vya Kiingereza hutaja galoni za kifalme, na uzito huhesabiwa kwa ratili au kilo, hatuna haki ya kuicheka Kanada. Galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, na ya kifalme ni lita 4.5. Kipimo kipya kinapofungwa, kipimio chake na kiandikwe waziwazi, na kiwe kimoja katika kundi zima la ndege za mwenye mali mmoja.

Kutokana na hayo, tunapenda kutoa maoni yetu bila kuficha. Kwanza, wenye ndege wasingoje ajali wala amri. Kila mwenye ndege ya pistoni yenye bomba la petroli katika chumba cha rubani aweke badiliko hili katika mpango wa ufumuaji ujao wa injini, na mpaka siku hiyo ahakikishe kwamba mipira imebadilishwa kwa wakati, kwamba tundu la kuzuia lipo, na kwamba kipimo kimepelekwa kulinganishwa na kipimo sahihi. Harufu ya petroli ndani ya ndege isichukuliwe kuwa ni harufu ya kawaida ya ndege kuukuu. Ni taarifa ya hatari, na ndege hiyo haistahili kuruka kabla ya chanzo chake kujulikana.

Pili, mamlaka za usafiri wa anga za nchi zetu zina wajibu wa kulifanya jema liwe jepesi. Wajibu wao si kukagua na kuadhibu tu. Tangu mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Hapo ndipo mahali pa kukubaliana kwamba badiliko lililochunguzwa na kukubaliwa na nchi moja mwanachama lisianze kuchunguzwa upya kutoka mwanzo katika nchi nyingine, na kwamba orodha ya vipimo vinavyokubalika kuwa vya msingi iwe wazi kwa kila fundi. Ukaguzi wa mwaka nao uwe na swali lake maalumu juu ya bomba hili, kizuizi chake, na umri wa mipira yake. Swali lililoandikwa katika karatasi humlazimisha mtu kuinama na kutazama.

Tatu, mafunzo. Shule ya urubani ya Soroti, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, na vyuo vinavyofundisha mafundi wa ndege katika kanda yetu, vinafundisha vijana watakaokutana na vipimo vya vizazi viwili katika wiki moja. Rubani hana budi afahamu kwamba mshale wa galoni katika ndege fulani hupima mgandamizo, na katika nyingine huhesabu mtiririko. Na afahamu kila kimoja hukosea vipi. Na kila ndege inapobadilishiwa chombo, wanaoirusha wakalishwe, waelezwe, na wapate saa chache za mazoezi kabla ya kuchukua abiria. Tusitengeneze Kegworth yetu ndogo.

Nne, na hili ni la waungwana wa vipuri: kipimo kisicho na hati ya asili yake kisifungwe, hata kama bei yake inavutia na muuzaji ni rafiki. Kipimo kilichong'olewa katika ndege iliyokufa na kupakwa rangi si kipya.

Tunajua kwamba jambo hili halina shangwe. Hakuna kiongozi atakayealikwa kukata utepe kwa ajili ya kipimo kisichozidi upana wa kiganja. Mwenye ndege atakayekibadilisha hataongeza nauli kwa ajili yake, na abiria hatajua kwamba mbele yake palikuwa na petroli na sasa pana waya. Usalama wa namna hii hauonekani, kwa kuwa malipo yake ni ajali ambayo haikutokea. Ndiyo maana unahitaji watu wanaotenda bila kusifiwa: fundi anayelala chali chini ya ubao wa vipimo akiwa na kurunzi mkononi, mkaguzi anayekataa kutia sahihi, na mwenye mali anayekubali hesabu kubwa kidogo kuliko aliyoitarajia.

Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Mama mjamzito anayebebwa kutoka kisiwani kwenda hospitali hakuchagua ndege wala hakukagua ubao wake wa vipimo. Ametuamini sisi: wenye ndege, mafundi, wakaguzi na watunga sheria. Siku tutakapokuwa tumefanya kila tulichojua kukifanya, na bado ajali ikatokea, hapo tutakuwa na haki ya kusema kwamba haikuwa na kinga. Kabla ya siku hiyo, kulisema neno hilo ni kujificha nyuma yake.